Mashavu ya Kimeu

Mtaani Maringo watu walikuwa wakisema, ukitaka kuwa mrembo, kufa kwanza, kisha jamaa zako wapitie kwa Mwongeli. Walisema kwa mzaha, lakini ukweli ulikuwamo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Jogoo, kati ya fundi wa viatu na mama muuza nguo za mitumba, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora picha za marehemu, zile zinazosimamishwa karibu na jeneza watu wakipita kutoa heshima za mwisho. Familia ilimletea picha ya kitambulisho, ile ambayo hata askofu akipigwa hutoka kama mwizi wa kuku, naye baada ya siku mbili aliirudisha ikiwa imegeuka mtu. Aliongeza mashavu. Alifuta makovu. Mlevi alivishwa tai. Ajuza aliyekufa hana jino hata moja alifungwa mdomo, akapata tabasamu la mke wa mchungaji. Wenyewe walilia wakiziona, wakasema, "Umemtoa vizuri," na Mwongeli akaridhika.

Mkono huo aliurithi. Baba yake, marehemu Nzivo, alikuwa mchonga vinyago Shauri Moyo, mmoja wa wale Wakamba waliotoka Wamunyu na patasi tatu na nguo za kubadilisha. Alichonga twiga maisha yake yote bila kumwona twiga hata mmoja, maana mnunuzi hataki twiga wa kweli, anataka twiga mzuri. Hilo ndilo somo alilomwachia binti yake, na kwa miaka kumi na miwili lilimlisha yeye na mama yake, Wayua, bila matatizo.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, Kimeu, aliyemfuata kwa miaka sita. Kijana huyo alikuwa amehamia Mukuru kwa Reuben ili awe karibu na malango ya viwanda, pale ambapo alfajiri wanaume husimama kwa mamia wakingoja kunyoshewa kidole: wewe, wewe na wewe, ingieni. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. "Niko fiti, mwaitu," alikuwa akisema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Nakula mpaka nabakisha." Wayua aliyarudia maneno hayo kwa majirani wiki nzima, nakula mpaka nabakisha, kana kwamba ni yeye aliyeshiba.

Mwongeli peke yake ndiye aliyejua kwamba ni uongo, na alijua tangu mwezi wa pili.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua la utosi. Mtu aliingia kibandani akasimama, naye Mwongeli akamwuliza anataka nini kabla hajamtambua.

"Niaje, sistee."

"Kimeu? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nani tena?"

Mashavu yalikuwa yamezama. Mifupa ya shingo ilihesabika. Kidevuni palikuwa na kovu bichi, na jino la mbele lilikuwa limekatika nusu. Alieleza kwa mkato, akicheka pasipochekesha. Alikuwa akifanya kibarua katika kiwanda cha mabati, kazi ya kutumbukiza vyuma kwenye asidi, ndipo mwezi wa kumi na mbili ndoano ikateleza ikamchapa usoni. Msimamizi alimwambia aende apumzike, na aliporudi alikuta mtu mwingine mahali pake. Alimwonyesha dada yake ncha za vidole. Asidi ilikuwa imezilamba mpaka zikawa laini, bila mistari. "Hata nikiiba benki hawawezi nishika," alisema.

Mwongeli alimwagizia chapati na maharagwe. Alimaliza sahani, akapangusa mchuzi kwa kidole, na alipoletewa ya pili hakukataa wala hakujifanya. Dada mtu aligeuka akajidai anaosha brashi, kwa sababu machozi yalikuwa yamemfika.

"Usiambie mathe," Kimeu alisema akiondoka.

"Ataniuliza."

"Mwambie niko poa. Nikishika job nitakuja mwenyewe, nikiwa nimenona. Promise."

Mwongeli aliahidi. Alimtia noti mfukoni, na ndugu yake akavuka barabara bila kuangalia nyuma.

Jumapili ya kwanza ambayo simu haikulia, Wayua alilaumu mtandao. Ya pili alilaumu chaji. Ya tatu hakulaumu kitu, alikaa tu na simu mapajani, na Jumatatu Mwongeli akaenda Mukuru. Msimamizi wa ploti alimwambia kijana alitoka Jumanne moja alfajiri, kama kawaida yake, kutafuta kibarua. Blanketi lake bado lilikuwa kitandani, na kikombe kilikuwa kimeoshwa kikafunikwa. Walipiga ripoti kituoni, wakapewa namba, wakaambiwa wangoje.

Majirani walishauri wazunguke hospitali, na mochari pia. Hapo Wayua alisimama.

"Hakuna wa damu yangu atakayekanyaga mochari," alisema. "Mtoto aliye hai hatafutwi kwa wafu. Ukimuulizia huko, umekionyesha kifo njia ya kwenda kwake."

Usimcheke. Ndivyo alivyolelewa na mama yake huko Ukambani, na katika mitaa yetu wako wengi wenye digrii zao ambao wangesema vivyo hivyo siku mtoto wao asipopatikana. La kushangaza ni kwamba Mwongeli, mtu anayekula kwa nyuso za wafu, alitii haraka sana. Moyoni alishukuru kukatazwa. Aliogopa.

Basi wakaamua kutumia picha. Shida ni kwamba picha zote za Kimeu zilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa imepotea naye. Iliyobaki ilikuwa moja, ya siku aliyomaliza kidato cha nne. Wayua alisema, "Si wewe unachora? Mchore ndugu yako."

Alimchorea nyumbani, mama yake amekaa kwenye stuli pembeni anatazama kila mstari. Mkono wa Mwongeli ulijua uso wa mwezi wa pili. Alipofika kwenye mashavu, penseli ilitaka kuingia ndani, ifuate pale mfupa ulipokuwa. Akasikia mama yake akisema, "Mchore vizuri. Mchore alivyo." Akaona kwamba akilichora shimo lile mama atauliza, na akiuliza itabidi amjibu. Basi akayajaza mashavu. Mdomo akaufunga, jino likapotea ndani. Kovu hakuligusa kabisa. Alijiambia kwamba anamchora Kimeu atakayepatikana, akishanona, kama walivyoahidiana. Wayua alipoiona aliishika kwa mikono miwili na kuibusu.

Walitoa nakala mia mbili kwenye saiba, wakazibandika kutoka Burma hadi Kiamaiko. Na kwa vile wa damu walikuwa wamekatazwa, aliyezipeleka hospitali na mochari ni Javan, jirani wa mlango wa tatu, dereva wa lori la saruji. Javan alikuwa Mluhya mwenye moyo mweupe, hakukataa mtu. Lakini alikuwa amehamia pale Januari, na hakuwahi kumwona Kimeu kwa macho yake. Alichokuwa nacho ni karatasi.

Alizunguka siku mbili zake zote za mapumziko. Alirudi viatu vimejaa vumbi, anatabasamu.

"Mama Mwongeli, furahi. Nimefika kote. Huko kwa wafu hayuko. Jamaa wa pale ameangalia picha, akaenda nayo ndani, akarudi akasema hayuko."

Wayua alimchinjia Javan kuku. Waliomba, wakala, na mama huyo aliimba akiosha vyombo. Mwongeli naye alikula. Alikuwa na furaha ya kweli siku hiyo, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimuuma kupita yote.

Miezi ikapita. Wayua aliacha kuimba lakini hakuacha kungoja. Kanisani, kila Jumapili, alisimama akaomba watu wamwombee Kimeu "huko aliko".

Mwezi wa nane alikuja kibandani mwanamke aitwaye Teresiah, muuza mboga wa soko la Jericho. Baba yake alikuwa amefariki, na mzee huyo maisha yake yote alikataa kupigwa picha, akisema picha hunyonya mtu. Hata kitambulisho chake kilikuwa kimefutika uso. "Itabidi uende umwangalie mwenyewe alipolala," Teresiah alisema. Mwongeli alisitasita, akakumbuka katazo la mama. Kisha akajiambia hii ni kazi, hamtafuti mtu. Akaenda.

Mhudumu wa mochari aliitwa Luseno. Alikuwa mtu mzima, mwenye buti za mpira na sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Alimkaribisha ofisini atie sahihi kitabu. Ukutani kulikuwa na karatasi nyingi za watu waliopotea, zimepangwa kwa mwezi, na katika mstari wa mwezi wa tatu Mwongeli aliiona kazi ya mkono wake.

"Hii mbona bado unayo?" aliuliza.

"Nazihifadhi zote. Huyo aliletwa na jamaa mmoja dereva. Mlishampata?"

"Bado. Ni ndugu yangu."

Luseno aliishusha picha ukutani akaitazama, kisha akamtazama yeye. "Dada, siku ile sikuona wa kufanana naye. Lakini nina kitabu cha wale tuliowazika bila jina. Wenye picha zao, kila mmoja. Ukitaka, funua. Usipotaka sitakulaumu."

Alifunua. Ukurasa wa saba alikuwapo Kimeu. Mashavu yalikuwa yamezama, kovu lipo kidevuni, mdomo umeachama kidogo na nusu ya jino inaonekana. Chini yake paliandikwa kwamba mwanamume wa miaka kati ya ishirini na thelathini aligongwa na gari alfajiri karibu na viwanda, dereva akatoroka. Alama za vidole: hazikusomeka. Alizikwa mwezi wa tano, baada ya siku za kungoja kwisha, katika makaburi ya umma, shimo moja na wengine kumi na wanne.

"Huyu," Mwongeli alisema.

Luseno alikivuta kitabu karibu. Aliiweka karatasi kando ya kitabu, akaangalia huku na huku, mara ya pili, mara ya tatu. "Nilitembea na picha hii mstari wote," alisema. "Huyu mtu nilimpita mara mbili. Vidole vyake havikutoa kitu, alikuwa amebaki na uso tu." Alikisukuma kitabu kidogo mbele yake. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Dada, mlituletea bwana harusi. Mimi nilikuwa na kibarua."

Mwongeli alitoka akaketi kwenye benchi la nje, akalia mpaka pua ikaziba. Alilia kwa ajili ya Kimeu, na alilia kwa ajili ya kuku yule waliyekula. Kimeu alikuwa ndani mle siku ile, amelala, anangoja mtu amtambue, na dada yake ndiye aliyemficha. Alimficha kwa penseli, kwa upendo, mbele ya mama yake. Mtu akikwambia sanaa haiui, mwambie pengine haiui, lakini kuzika inazika.

Baada ya hapo aliingia akamwangalia baba yake Teresiah, akamchora na makunyanzi yake yote.

Hakumwambia mama. Kila jioni alipanga kusema, na kila jioni Wayua alimpakulia chakula akamwuliza habari za kazi, na maneno yakarudi tumboni. Alichofanya badala yake ni kurudi kwa Luseno. Alimwomba amwonyeshe wasio na jina waliokuwa wakingoja, akakaa nao na karatasi. Mwanzoni mkono ulimsaliti, ukawa unawatengeneza bila ruhusa yake, ukinyoosha pua, ukipunguza masikio. Luseno alisimama nyuma yake akawa anamrudisha. "Uvimbe huu ni wa kifo, uondoe. Lakini hili kovu ni lake, lirudishe. Mfungue mdomo. Watu huwajua wao kwa meno." Alijifunza kuondoa kile kifo kilicholeta na kuacha kile maisha yalicholeta. Kuvitenganisha viwili hivyo ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu kuliko kuvisha mlevi tai.

Wa kwanza kutambuliwa alikuwa mzee mmoja mwenye sikio lililokatika pembeni. Picha yake ilibandikwa Kiamaiko kwenye soko la mbuzi, na siku ya tatu mfanyabiashara aitwaye Bile alikuja hadi kibandani, karatasi mkononi.

"Wewe ndio umechora huyu?"

"Mimi."

"Wallahi, mpaka sikio! Huyu mzee amechunga mbuzi yangu miaka tisa. Hiyo sikio mbuzi ilikula, tukamcheka mwezi mzima." Kisha Bile akafuta macho kwa ncha ya shali. "Ako na binti Kitui. Nitampigia saa hii."

Mzee alizikwa kwao, kwa jina lake. Mwongeli alilala usingizi siku hiyo, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

Wateja wa zamani walianza kununa. "Mama yangu umemzeesha," alilalamika mmoja. Mwingine alidai arudishiwe picha ya baba yake ikiwa bila chunjua. "Alikuwa nayo," Mwongeli alisema. "Nani amekuuliza?" mteja akamjibu, akaenda kwa mchoraji wa Makadara anayejua adabu. Kibanda kikapoa. Lakini michoro ya mochari ilifika watu wanane, kisha kumi na mmoja, hadi afisa wa upelelezi, Inspekta Mutheu, akaja kumtafuta. Alimwambia wanataka mchoraji wa nyuso, raia, atakayefunzwa mwaka mmoja kisha aajiriwe, achore wasiojulikana na wanaotafutwa. Alimwachia fomu. Wayua alifurahi kupita kiasi. Aliwatangazia wanawake wa kanisa kwamba binti yake anaitwa na wakubwa.

Fomu ilikuwa rahisi mpaka sehemu ya mwisho, iliyosema: Eleza kwa nini unataka kazi hii. Mistari sita. Mwongeli aliandika kwamba anapenda sanaa na kuisaidia jamii, akaisoma, akaona ni tai nyingine ya mlevi, akaikata. Aliandika chini yake: Nilimchora ndugu yangu vizuri, akazikwa bila jina.

Hiyo ilikuwa kweli. Lakini alipoitazama alijua kwamba hawezi kuipeleka. Haiwezekani maafisa wasome jambo hilo, wakilijadili huku wakinywa chai, na aliyemzaa Kimeu yuko nyumbani hajui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alichukua karatasi safi, akafunga kibanda mchana kweupe, akamchora Kimeu kwa mara ya pili.

Jumapili baada ya ibada alimkuta mama yake mlangoni anachagua ndengu kwenye ungo.

"Mwaitu, weka ungo chini."

"Sema tu. Masikio hayachagui ndengu."

"Weka chini, tafadhali."

Wayua aliuweka polepole sana, kana kwamba ungo ukifika sakafuni jambo litakuwa limekwisha kutokea.

"Nimempata Kimeu."

Hakuuliza kama yu hai. "Wapi?" alisema.

Mwongeli alimwambia yote: gari, alfajiri ya Jumanne, droo ya mochari, mwezi wa tano, wale kumi na wanne. Alisema bila kupumzika kwa sababu alijua akipumzika hataweza tena. Mama yake alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Si yeye," Wayua alisema alipomaliza. "Javan alienda. Alimuuliza mtu wa huko. Picha walikuwa nayo."

"Picha ndiyo ilikosea, mwaitu."

Alimkunjulia karatasi. Macho alikuwa ameyafungua, yale ya Kimeu, yenye kope ndefu. Mengine aliyaacha kama yalivyokuwa. Wayua aliivuta karatasi karibu. Kidole chake kiligusa kovu, kikapanda kwenye jino, kikaenda shavuni kikakaa hapo.

"Ni yeye," alisema. Kisha, "Mbona amekonda hivi?"

"Hakuwa na kazi. Tangu Desemba."

"Aliniambia anakula mpaka anabakisha."

"Najua."

Wayua alikuwa amelea watoto wawili kwa kufua nguo za watu, peke yake, tangu Nzivo afariki. Njaa alikuwa anaijua sura yake na muda inaochukua. "Mtu hakondi hivi kwa siku mbili," alisema. "Na wewe ulijuaje hana kazi?"

"Alikuja kibandani. Mwezi wa pili. Alikula sahani mbili."

"Mwezi wa pili."

"Aliniomba nisikwambie."

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye stuli," mama alisema taratibu, akilipanga jambo mbele yake. "Nikakwambia mchore alivyo. Na wewe unajua alivyo."

"Nilijua."

"Ukanichorea mashavu."

Mwongeli alitamani atukanwe, apigwe hata. Mama yake hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua mdomo, na kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu mwezi wa tatu kikatoka chote, kikasikika hadi mwisho wa ploti. Milango ilifunguka. Wanawake walikuja wakikimbia, wengine bado na nguo za kanisani, na nyuma yao Javan, kifua wazi, amevaa kiatu kimoja. Aliiona picha sakafuni, akainama, akaishika.

"Hii ndiyo ilikuwa sura yake?" aliuliza. "Sasa mbona hamkunipa hii?"

Wayua aliichukua picha kutoka mikononi mwake, akawageuzia wanawake.

"Mwangalieni," alisema. "Mtu asiniambie alikuwa mzuri. Mwangalieni hapa, na hapa. Mwanangu alikuwa na njaa, na mimi niko hapa mjini, nachagua ndengu."

Walilia naye. Mwongeli alisimama kando ya ukuta, na kwa kuwa habari ya mashavu yale ilikuwa imeshapita kutoka mdomo hadi mdomo, hakuna aliyemkumbatia. Aliona ni haki.

Alasiri, wanawake walipotawanyika kwenda kutafuta maji na sufuria kubwa za matanga, walibaki wawili chumbani. Wayua alikuwa ameketi sakafuni, kanga imefungwa kiunoni, sauti imemkauka.

"Hiyo kazi ya polisi," alisema. "Utawachora hivi?"

"Hivi hivi walivyo."

"Na mama zao wakikuchukia?"

"Watanichukia wakiwa wamewazika, mwaitu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alifuta uso kwa kiganja. Mwongeli alikuwa anamtazama, kwa kuwa kutazama ndio mazoea yake: mistari mipya kando ya mdomo, kope zilizovimba, mshipa uliosimama kwenye paji.

"Basi nenda kaijaze fomu yao," Wayua alisema. "Lakini mimi, leo, usinitazame."

Mwongeli alikigeuza kiti, akakaa akielekea mlangoni, na mama yake akaendelea kulia nyuma yake hadi watu wa matanga waliporudi.